Sketi ya Mheshimiwa

Mtaa mzima ulimwita Lastiki, naye aliitika. Alikuwa fundi cherehani, na kila nguo iliyotoka mikononi mwake, iwe sketi ya ofisini au gauni la harusi, ilikuwa na lastiki mahali fulani. Hakupenda mtu abanwe. Mteja akija kupimwa, Lastiki alizungusha futi kiunoni, akasoma namba kimoyomoyo asije akamwaibisha mwenzake, kisha akaongeza vidole vitatu.

"Hivyo vidole vitatu vya nini tena?"

"Nafasi ya kunenepa," alijibu huku akitazama sakafu, maana alikuwa na haya hata mbele ya watu aliowajua tangu utotoni.

Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba, na mbele ya kibaraza lilikuwa bwawa la baba. Baba alilichimba mwenyewe, akalijengea ukingo wa mawe, akatia samaki wanne aina ya koi, kila mmoja saizi ya kidole. Muuzaji alimhakikishia kwamba ni samaki wa mapambo, watulivu, hata hutajua kama wapo. Miaka kumi na miwili ilipita. Baba hakuwapo tena, na wale vidole sasa walikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, wana sharubu, na wakipiga mikia maji yalifika mpaka kwenye cherehani.

Mkubwa wao alikuwa mweupe mwenye baka jekundu utosini, kama amevaa kofia. Aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alikula kabla ya wengine, alikula zaidi ya wengine, na hakumshukuru mtu.

Maisha yake yote baba alitamani kitu kimoja: yungiyungi lichanue katika bwawa lake. Kila alilopanda liliishia tumboni mwa Mheshimiwa.

Basi dada yake Lastiki akanunua gari.

Lilikuwa gari dogo la bluu, na lililala barabarani, jambo lililomkosesha dada raha. Alikuwa mkuu wa stoo katika kiwanda cha sabuni, mtu wa kila kitu mahali pake. Alisimama uani na kishada cha funguo mkononi, mbali kidogo na ukingo. Tangu msiba, hakuwa amelisogelea bwawa lile.

"Mdogo wangu, hapa gari linaenea."

"Hapa pana bwawa, dada."

"Hapa pana shimo la matope lenye samaki wanne. Baba alisema litakuwa bwawa la maua. Ua liko wapi?"

Lastiki akatazama vidole vya miguu yake. "Litakuja."

"Lini?"

"Likipenda."

Dada akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kushuka kitandani kila alfajiri kuchungulia kama vioo vya gari bado vipo. "Nakupa miezi miwili. Ua moja. Moja tu! Likichanua humu majini, gari litalala nje mpaka lizeeke. Lisipochanua, Jumamosi ya mwisho fundi mwashi anafukia, na samaki wanakwenda kwa yule mwenye hoteli. Ameahidi kuwatunza."

Lastiki aliijua hoteli ile. Ilikuwa na bustani ndogo sana na jiko kubwa sana.

Siku ya pili yake akanunua yungiyungi lenye mizizi minono na majani matano. Akalipanda kwenye beseni la udongo mzito, akalishusha bwawani, akarudi kushona kola. Hakuwa amemaliza kola ya kwanza, beseni likawa tupu, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na yungiyungi linaelea miguu juu.

Akalipanda upya, safari hii akafunika udongo kwa kokoto. Mheshimiwa akazifyonza kokoto moja moja, akazitema pembeni kama mzee anayekula chungwa. Akaweka mawe makubwa saizi ya ngumi. Hapo mizizi ikatulia, lakini majani yakaliwa yote, hata vijiti vikagugunwa. Akawapa njegere za kuchemsha ili washibe kwanza. Wakala njegere, kisha wakageukia majani.

"Huna haya wewe," Lastiki akamwambia Mheshimiwa, kwa upole, maana hata samaki aliogopa kumuudhi.

Mheshimiwa akatoa mdomo nje ya maji, akaufungua na kuufumba. Alikuwa anaomba zaidi.

Wiki tatu zikaisha hivyo. Siku moja, akikata shela ya bibi harusi, Lastiki akabaki na kipande kirefu cha neti. Akakitazama. Akatazama bwawa. Akachukua futi, akavua viatu, akaingia majini kupima kiuno cha beseni.

Alishona sketi. Juu aliitia pete ya bomba la plastiki, ili ielee na kuyapa majani duara la kupumulia. Chini aliipitisha lastiki, ikumbatie beseni. Katikati neti ilishuka kwa marinda, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea marinda. Na pale kwenye lastiki, bila hata kufikiri, akaongeza vidole vitatu.

Yungiyungi likakaa ndani kama mwali. Mheshimiwa alizunguka nje, akasukuma kwa pua, akarudi nyuma kutafakari. Jani la kwanza likafika juu. La pili. La sita. Ijumaa ya mwisho kabisa, tumba likatoa kichwa majini, limesimama wima, na ncha yake ina rangi ya waridi. Lastiki hakushona hata kifungo siku hiyo. Alikaa ukingoni, akaliambia mambo ambayo hajapata kumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi fundi mwashi aliingia na toroli la saruji. Dada akamfuata na funguo zake.

"Haya," dada akasema. "Tuone."

Lastiki akawaongoza kwa furaha, akainama ukingoni.

Beseni lilikuwapo. Mawe yalikuwapo. Sketi haikuwapo. Yungiyungi lilikuwa limebaki vijiti sita vilivyotafunwa vizuri.

"Mdogo wangu," dada akaanza, na sauti yake haikuwa ya ushindi.

Fundi mwashi akashusha toroli kwa kishindo. Kule kona ya giza, chini ya ukingo, kitu kikashtuka. Kikatoka polepole, kikapita katikati ya bwawa mbele ya macho ya wote watatu.

Alikuwa Mheshimiwa, na alikuwa amevaa sketi.

Ilikuwa wazi kilichotokea. Alikuwa ameruka juu ya pete, akajikuta ndani peke yake na chakula, akala mpaka akakinai, na aliposhindwa kugeuka akapiga mbizi na kutokea chini. Lastiki ikampisha kichwa, ikampisha mapezi, ikamkalia kiunoni. Neti ilimwagika nyuma yake marinda kwa marinda, na ile pete ikatanua pindo kama gauni la karamu. Wale watatu wengine walimfuata kwa heshima.

"Toba!" fundi mwashi akasema. "Nani kamshonea?"

"Mimi," Lastiki akanong'ona.

"Imemkaa."

"Ni kubwa kidogo..." Kisha akaona, akashika mdomo.

Kiunoni mwa Mheshimiwa, limebanwa kati ya lastiki na magamba, lilikuwa tumba na kijiti chake kirefu. Ndilo pekee ambalo hakupata kulila. Jua lilikuwa limeruka ukuta wa jirani na kuanguka juu ya maji, na Mheshimiwa, aliyependa joto, akaja kuelea palepale kwenye mwanga. Tumba likalegea. Petali moja ikajikunjua. Ikafuata nyingine. Likachanua lote, waridi nje na manjano katikati, juu ya kiuno cha samaki.

"Hilo halihesabiki," dada akasema, lakini kwa mashaka.

"Ulisema lichanue majini," akasema fundi mwashi, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Limechanua. Liko majini. Mama, mimi ni mtu wa saruji, lakini kilicho wazi ni wazi."

"Liko juu ya samaki!"

"Na samaki yuko wapi?"

Lastiki hakuwa akiwasikiliza. Alishaingia majini na mkasi. "Dada, lazima tumvue. Akikwama chini ya jiwe je?" Lakini kila alipomkaribia, Mheshimiwa alikimbia, pindo likimfuata. Fundi mwashi akaingia kusaidia, akateleza, akakaa kitako majini na kofia yake. Lastiki machozi yakaanza kumlengalenga.

Hapo dada akasogea. Akapiga magoti ukingoni, akagonga jiwe kwa funguo za gari: mara mbili, kimya kidogo, mara moja.

Ndivyo alivyogonga baba, kwa pete yake, kila asubuhi.

Mheshimiwa akageuka. Akaja moja kwa moja, na sketi na ua lake, akaweka kidevu kwenye mkono wa dada, akafungua mdomo.

"Amekuwa mkubwa," dada akasema. "Jamani. Mzee angemwona hivi."

Akaanza kucheka. Ilianza kama kikohozi, ikaishia kuketi chini kabisa, nguo zake za Jumamosi kwenye matope, akicheka na kufuta macho kwa kiwiko, huku samaki akimnyonya vidole. Lastiki akapitisha mkasi chini ya lastiki. Palikuwa na nafasi ya kutosha, vidole vitatu kamili. Sketi ikaanguka, na ua likaelea peke yake.

"Moja," dada akahesabu. Akamtazama fundi mwashi. "Rudisha saruji."

"Mama, nimelowa mpaka..."

"Rudisha, kisha uje upewe chai."

Gari la bluu linalala barabarani mpaka leo. Lastiki alilishonea vazi la turubai, lina lastiki pande zote na marinda mbele, watoto wa mtaa wanasimama kulishangaa. Siku ya kulijaribisha, dada alilivuta huku na huku, akakunja uso.

"Mbona limepwaya?"

Lastiki akatazama sakafu ya barabara.

"Nimeacha nafasi, dada," akasema. "Likinenepa."