Sindano za Upande wa Pili

Kiwanda cha nguo kilijengwa mpakani, hatua chache tu kutoka kwenye waya, baada ya nchi ile iliyojifungia miaka arobaini kukubali kuleta washonaji wake. Mkataba ulisema kiwanda kikiendelea na kazi, majeshi ya pande zote yatabaki kambini. Ikitokea hujuma, lango la mpakani linafungwa siku hiyohiyo. Msimamizi wa washonaji aliujua mkataba huo nje ndani, kwa sababu kitindamimba wake alikuwa mwanajeshi, na lango likifungwa ndiye atakayerudi kulala handakini.

Pamoja na hayo, hakuwaamini wageni hao hata chembe. Kimya mno, wanashona kama wanaofukuzwa. Kilichomkosesha raha hasa ni sindano. Kiwandani, sindano ikivunjika unampelekea msimamizi vipande vyote, anavibandika kwenye daftari, anakupa mpya. Wenyeji walivunja kila siku. Wageni, wiki sita, hata moja.

"Hao mikono yao ya asali, haivunji kitu," fundi mashine alitania.

Msimamizi hakucheka. Akilini aliviona vipande vya chuma vilivyofichwa ndani ya nguo za watoto.

Mchana mmoja alimkuta mshonaji mmoja mwembamba akichomoa sindano haraka na kuweka nyingine aliyoitoa mfukoni. Akamwita stoo, akafunga mlango.

"Mwanangu ni askari hapa mpakani," akamwambia. "Usinizungushe. Vipande mnavipeleka wapi?"

Mshonaji akafungua pindo la kitambaa chake cha kichwani, akamwaga mezani vipande vya sindano kumi na saba, vyake na vya wenzake. Msimamizi akaviunganisha kimoja kimoja. Hakikupungua hata kimoja.

"Kwetu ukivunja sindano ya kiwanda, umehujumu taifa," mshonaji alisema. "Kaka yangu alifungwa kwa moja tu. Ndiyo maana tunakuja na zetu kutoka nyumbani."

Aibu ilimpanda msimamizi mpaka masikioni. Akafungua daftari, akavibandika vyote, na penye jina la aliyevunja akaandika lake mwenyewe, mara kumi na saba. Kisha akamsogezea boksi la sindano mpya.

Mshonaji hakuligusa. Alilitazama daftari, akamtazama yeye, uso mkavu.

"Haya, dada," akasema taratibu. "Kwetu hasamehewi mtu bure. Sasa unataka nikuletee habari za nani?"