Mstari wa Kaka

Kuna nyumba moja nilikuwa naiendea kwa miguu mizito. Iko nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, na huna haja ya kuuliza njia, fuata masizi. Yako juu ya mabati, kwenye fremu za madirisha, kwenye kamba za nguo ambazo hakuna anayezitumia tena. Mama wa nyumba hiyo ni fundi cherehani. Kabla ya kugusa kitambaa cha mteja hufuta meza, hunawa mikono, kisha hufuta meza tena.

Kazi yangu ni kupima pumzi za watoto. Watafiti wanataka kujua moshi unawafanya nini wanaokua ndani yake, kana kwamba mtoto akikohoa mwaka mzima kuna fumbo. Mnisamehe, nina mdomo. Watoto wa mtaa ule wananiita Dada Puliza, maana hiyo ndiyo kelele yangu kutwa: puliza, puliza, usiache, malizia! Mtoto anapuliza kwenye mrija, na kwenye kioo cha mashine mstari wa buluu unapanda mpaka pumzi zimwishie, kisha unanyooka. Nyuma yake mashine huweka mstari wa kijivu, ule bora kuliko yote aliyowahi kupuliza, ili ajishinde mwenyewe. Watoto wanapenda kushindana.

Katika nyumba ile nilikuwa nampima kaka mtu, mtoto mpole aliyeomba radhi kila akikohoa. Alikufa majira ya baridi, moshi unapolala chini. Sasa mdogo wake, msichana tuliyembandika jina la Chiriku kwa wingi wa maneno, alikuwa amefikisha umri wa kupimwa, na nikatumwa.

"Umekuja kumchukua na huyu?" mama yao aliniuliza kabla hata sijakaa.

"Nimekuja kumpima, dada yangu."

"Mwenzake ulimpima. Pumzi zake ziliingia kwenye hicho kimashine chako, hazikurudi."

Yaliniuma. Tulimpima mtoto wa watu, tukaandika kwamba anazidiwa, tukampima tena. Kuandika hakujawahi kumponya mtu.

"Huyu ni mzima," aliendelea. "Anaongea tangu anaamka. Mgonjwa wa mapafu anaongea hivyo?"

"Mama, nataka kupuliza," Chiriku alidakia. "Kaka alipuliza. Mimi pia najua."

Mama yake aligeukia cherehani, akaanza kuikanyaga kwa hasira. Nilikichukua kisogo kile kuwa ruhusa.

Mashine yetu inahifadhi vipimo vya watoto nyumba kwa nyumba. Nilifungua ukurasa wa nyumba ile, na kidole, kwa mazoea ya miaka, kikabonyeza mtoto wa kwanza. Sikugundua. Nilimpa Chiriku mrija mpya, nikaanza makelele yangu, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mstari wa buluu ulipanda kidogo, ukachoka, ukalala. Juu yake, mbali kabisa, ulikuwepo mstari wa kijivu.

Mtoto anayepimwa mara ya kwanza hana mstari wa kijivu.

"Ni kaka," Chiriku alisema, wala hakushangaa. Aliweka kidole mahali mstari ulipojikunja kidogo kabla ya kuendelea kupanda. "Hapa alikohoa. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda. Akakohoa, akakwambia samahani."

Nilinyoosha mkono nifute. Hapo ndipo niliposikia kwamba cherehani imenyamaza. Mama mtu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Usifute."

Aliutazama ule mkunjo mpaka nikaogopa. Kisha akauliza, kwa sauti ya fundi anayeuliza vipimo, "Mbona wa huyu uko chini?"

Ningeweza kumdanganya kwamba kaka alikuwa mkubwa. Lakini mstari wake bora ulikuwa ule wa kwanza kabisa, kabla hajaanza kuporomoka, na siku hiyo alikuwa na umri wa mdogo wake.

"Alikuwa kimo hiki hiki," nilisema. "Na alikuwa ameshaanza kuumwa."

Hakulia wala hakunitukana, heri angenitukana. Alichomoa kitambaa cha mteja kikiwa kimeshonwa nusu, akaifunika cherehani, akamwambia mtoto avae viatu. Siku hiyo hiyo walihamia kwa mama mdogo, upande wa pili wa mji, penye hewa.

Nilimtafutia Chiriku daktari, akaandikiwa dawa ya kuvuta. Nami nikawa naenda kumpima huko, na kila nikienda Chiriku ana sharti lake moja: mstari wa kaka uwepo. Bila huo hafungui mdomo, yeye ambaye kuufunga ndiyo kazi. Ni kinyume kabisa cha utaratibu wetu. Niliuweka. Mtu mzima na akili zangu, nikawa namsubiri yule mtoto atokee kwenye kioo, na akitokea namwambia kimoyomoyo, pole, baba.

Mwanzoni buluu ilipanda vizuri. Mtoto akanenepa, akaanza kukimbizana na wenzake. Kisha mstari ukafika chini kidogo tu ya ule wa kijivu, ukagoma. Ziara hii hapo, ziara inayofuata hapo hapo. Daktari alikunja uso, akasema kwamba dawa hii imefikia mwisho wake. Ikiendelea hivi atamlaza na kumwanzishia dawa kali, zile zinazomdumaza mtoto anayekua. Mama yake alisikia, akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Ziara iliyofuata sikupiga kelele. Nilimtazama tu usoni. Mstari ulipokaribia ule wa kijivu, aliuachia mrija, na mashavu yake yalikuwa bado yamejaa.

"Chiriku, una pumzi nyingine humo."

Alinyamaza. Chiriku, kunyamaza!

"Mbona unaacha?"

"Nikimpita atabaki nyuma peke yake," alisema. "Kaka anaogopa kukaa peke yake. Namsubiri."

Niliogopa kuangalia kioo, na niliogopa zaidi kumwangalia mama yake, aliyekuwa mlangoni, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Alikuja, akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika uso wa mwanawe kwa mikono miwili.

"Hatabaki peke yake," alimwambia. "Mimi nitakaa naye. Wewe puliza, mwanangu. Nenda."

Chiriku alimchunguza kama anayetaka kujua iwapo anadanganywa. Kisha akavuta pumzi, akashika mrija, akapuliza huku machozi yanamtiririka, na mstari wa buluu ukapanda, ukaupita ule wa kijivu, ukaendelea kupanda.

Mama yake hakuuona. Alikuwa anautazama wa kijivu.