Kufuli la Jumamosi

Siku niliyoondoka Kirungu kwenda kusoma Kalemie kila mtu alinipa shauri, na mashauri yote yalihusu mlango. Baba alisema, funga mlango. Mjomba akaongeza, funga mlango na dirisha. Mama yangu, ambaye hajawahi kulala mahali penye wezi, alininunulia kufuli sokoni Moba, kubwa kiasi cha kufunga ghala, akalifunga kwenye pindo la kitenge changu kama dawa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Meli ya kutoka Moba ilichelewa juma zima, na nilipofika chuo cha ualimu bweni la wasichana lilikuwa limejaa. Katibu akaniambia nitafute chumba mjini, akanipa karatasi ya masharti ya wanafunzi wanaokaa nje: heshimu majirani, usipige kelele, usiharibu jina la chuo. Niliisoma mara tatu, nikaona hakuna gumu. Kelele ningempigia nani?

Chumba nilikipata kwa Mama Marceline, mjane wa mfanyakazi wa reli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusimamisha treni. Kilikuwa chumba kizuri cha saruji na mabati, kimejitenga nyuma ya nyumba yake, chenye dirisha moja la mbao. Yeye hakuwa na karatasi. Alikuwa na sharti moja tu.

"Ukitoka, pita ku dirisha yangu, sema, Mama, ninatoka. Ukirudia, sema, Mama, nimerudia. Njo ile tu."

Nikauliza kwa nini.

"Nijue nani iko na nani haiko."

Basi asubuhi nilisema, "Mama, ninatoka," na sauti kutoka ndani ikajibu, "Nimesikia." Jioni, "Mama, nimerudia." "Nimesikia." Hakuuliza nakwenda wapi wala nimekula nini. Kwa miezi miwili hayo ndiyo mazungumzo yote niliyokuwa nayo na binadamu asiye mwalimu. Chuoni nilikuwa Citoyenne Mumba, yaani Mwananchi Mumba, kwa maana siku zile serikali haikuruhusu majina ya ubatizo kwenye madaftari. Jina langu la Bertille nililiacha gatini Moba pamoja na watu waliokuwa wakiniita kwalo. Wenzangu wa bwenini walikuwa na vicheko vyao vya bwenini, mambo ambayo mimi sikuwapo yalipotokea. Walipocheka na mimi nilicheka, nimechelewa kidogo. Niliwaonea wivu, nasema kweli.

Siku moja nikatoka darasani pamoja nao, nikijikaza nionekane mmoja wao, tukapita mbele ya nyumba. Mama Marceline alikuwa amesimama barabarani, mikono kiunoni.

"We Mumba! Leo ulitoka bila kusema!"

Wasichana wakaangua kicheko. Mmoja wao, Clémentine, akaniuliza kama nikienda msalani pia naomba ruhusa.

Walipokwisha kupita nilimfuata Mama Marceline hadi mlangoni kwake. "Mama, miye ni mwanafunzi wa chuo kikubwa," nilimwambia. "Siko kuku ya kuhesabiwa kila mangaribi."

"Haina neno," akasema, akaingia ndani.

Toka siku hiyo nilitoka na kurudi kimya. Nilikuwa nimeshinda. Watu husema ushindi ni mtamu. Wangu sikuuonja utamu wake. Nikipita kwenye dirisha lake nilikohoa, makusudi. Hakuna aliyejibu kikohozi. Wiki tatu nzima hakuna mtu Kalemie aliyejua kama niko ndani au niko nje, na kusema haki, ilifika mahali hata mimi mwenyewe nilianza kutojali.

Kisha nikashikwa na homa, na ikanishika siku ya Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa siku ya Salongo, kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuzibua mifereji. Papa Ngoy, mkubwa wa barabara yetu, alipita nyumba kwa nyumba na daftari akiandika nani amekuja na nani amekosa. Wanafunzi wanaokaa nje tulikuwa na ujanja wetu: unafunga kufuli kwa nje, unaingia kwa dirisha, unalala. Papa Ngoy akiona kufuli anaandika "amesafiri", anakwenda zake. Jumamosi ile ningeweza kumwambia kwamba ni mgonjwa, na angeniacha, si mtu mbaya. Lakini kusema kulikuwa kumeshanitoka mdomoni. Nilikuwa nimezoea kufunga.

Nilitetemeka hadi meno yakagongana. Kwetu Kirungu ni milimani, kuna baridi, na dawa ya baridi ni moto ndani ya nyumba. Nyumba ya nyasi inapumua. Tumelala na moto tangu enzi za mababu na tumeamka. Kwa hiyo niliwasha makaa kwenye mbabula yangu, jiko dogo la bati, nyuma ya chumba, nikachuchumaa nikingoja moshi uishe, maana mtu mwangalifu haingizi moshi ndani. Moshi ulipoisha, makaa yamebaki mekundu, safi, nikaipitisha mbabula dirishani na kuishusha sakafuni. Nikafunga mlango kwa kufuli la mama, nikaruka ndani, nikakaza komeo la dirisha. Nafasi za chini ya mabati nilikuwa nimeshaziba kwa magazeti kwa sababu ya mbu. Kwa kila shauri nililopewa, nilikuwa nimefanya vizuri kabisa. Nikajifunika kitenge, nikasikia joto linaingia miguuni, nikafurahi.

Sijui nililala kiasi gani. Niliamshwa na viatu vya Papa Ngoy uani. Kichwa kilikuwa kinapiga, kimejaa uzito. Nikataka kuinuka, mkono ukakataa. Nikafungua mdomo kusema niko humu, sauti haikutoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa kufa, na zaidi niliogopa kwamba nitakufa huku kufuli likisema sipo, na watu wataliamini hata juma zima.

Nilisikia akilitikisa kufuli.

"Haiko," alisema Papa Ngoy. "Amesafiri."

Viatu vikaondoka.

Mengine aliniambia Papa Ngoy mwenyewe baadaye, na aliyasimulia barabara nzima mpaka tukachoka. Mama Marceline alikuwa mferejini na jembe lake. Aliposikia kwamba Mumba amesafiri, alisimama wima. Wiki tatu hakuwa ameniambia neno, lakini wiki tatu zote alikuwa akinisikiliza: komeo langu, ndoo yangu, kikohozi changu cha makusudi. Asubuhi ile hakusikia kikohozi kikipita. Akaacha mfereji, akaja hadi nyuma ya chumba changu, Papa Ngoy akimfuata na daftari. Akainama, akagusa majivu mahali mbabula ilipokuwa. Yalikuwa bado na joto.

"Papa Ngoy, mbabula yake iko wapi?"

"Pengine ameibeba."

"Muntu hasafiri na mbabula," akasema Mama Marceline, akapiga dirisha kwa jembe. Mapigo matatu, na komeo likaruka.

Nilipata fahamu nimelala kwenye udongo, natapika, mashavu yananiuma kwa makofi yake. Walinipakia kwenye toroli la Salongo, juu ya majani yaliyofagiwa, Papa Ngoy akasukuma mpaka zahanati. Muuguzi akasema ni sumu ya makaa, isiyo na moshi wala harufu, akatoa karatasi yake.

"Jina?"

"Bertille," nikasema, kabla sijakumbuka kwamba jina hilo haliandikwi.

"Ndugu yako hapa Kalemie ni nani?"

Nikafikiri. Nilitafuta kwa bidii, nikapita darasani, nikapita bwenini, nikapita kanisani ambako nilikaa benchi la mwisho. Sikupata hata mmoja. Machozi yakaanza kunitoka na sikuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Andika miye," alisema Mama Marceline.

"Wewe njo mama yake?"

"Nimesema, andika."

Siku ya tatu mchana waliniachia. Tulirudi kwa miguu, polepole, yeye amenishika kiwiko. Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, ningejua pa kuanzia. Nyuma ya nyumba, dirisha langu lilikuwa wazi, limebaki vipande, na kufuli la mama bado lilikuwa mlangoni, zima, likilinda chumba ambacho yeyote angeweza kuingia. Sikulifungua. Nilimvuta Mama Marceline tukarudi hadi kwenye dirisha la nyumba yake. Ndani hakukuwa na mtu, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikagonga hata hivyo.

"Mama," nikasema, "nimerudia."

Mkono wake ulikaza kidogo kwenye kiwiko changu.

"Nimesikia."