Chumba cha Bénita

Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda kutembea nyumbani kwetu, mahali ambapo hapakuwa na nyumba. Kiwanja chetu kiko Munigi, juu ya mawe meusi ya volkano, na wakati ule kilikuwa mawe matupu, na pembeni kichaka kimoja chenye miiba. Watu wengine wa Mabanga, mtaa tuliokaa, siku hiyo huteremka ziwani, watoto wao wakaoga na kula sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu. Sisi tulipanda. Mume wangu Laurent alisema ziwa halihamishwi na mtu, ila hapa Goma kiwanja ambacho mwenyewe haonekani huuzwa mara mbili. Basi tulikwenda kuonekana. Mimi nilibeba sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na chupa ya chai, yeye akambeba Jolie, kitinda mimba wetu, shingoni, na wakubwa wawili, Moïse na Bénita, wakatangulia wakigombana.

Nilinung'unika njia nzima, sifichi. Mimi ni mwanamke wa Butembo, nauza maharage siku sita kwa wiki, na siku ya saba nilitaka kulala. Laurent ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa milima ya Masisi, na mtu huyo unaweza kumnunia kutoka Mabanga hadi Munigi asiseme neno. Atakuuliza tu kama sufuria ni nzito. Nilimwambia mara nyingi kwamba nimeolewa na ukuta, naye alicheka.

Bénita ndiye aliyeijenga nyumba ile. Alikuwa na miaka minane. Jumapili moja alianza kupanga mawe kwa mistari, na kabla hatujamaliza kula, kiwanja kilikuwa na sebule, jiko, chumba chetu, chumba cha Moïse na cha Jolie. Cha mwisho, cha upande wa juu, kilikuwa chake peke yake. Nyumbani alilala kitanda kimoja na Jolie, na Jolie anapiga mateke kama mbuzi, tena siku zile alikuwa bado anakojoa kitandani. Bénita alituambia hilo limekwisha. Dirisha lake aliligeuzia volkano ili kila jioni aangalie kama imekuwa nyekundu na awe wa kwanza kutuambia tukimbie. Mlango aliupima kwa mwili wake: alisimama wima, akamwamuru kaka yake aweke jiwe huku na jiwe kule, hapo hapo penye mabega.

Tena kulikuwa na sheria. Ukuta haurukwi. Unakwenda mlangoni, unapiga hodi, unangoja akuambie karibu. Mimi na haraka zangu niliruka mara moja nikiwa na sahani mkononi, naye hakuipokea.

“Mama, umepita mu ukuta,” aliniambia. “Rudia ku mulango.”

Nikarudi, mimi mtu mzima, nikazunguka mawe yasiyonifika hata kifundo cha mguu. Laurent hakuhitaji kukumbushwa. Alifika pale mlangoni, akapiga hodi kwa sauti ileile anayoitumia kwa mkuu wa shule, akajigeuza upande ndipo akapita, maana mlango ulikuwa mwembamba kwake.

Ndiye aliyemwahidi mbao. Kila mwisho wa mwezi walikwenda wawili kwa Donat, seremala wa mtaa wa Majengo aliyekua naye kilima kimoja, wakanunua ubao mmoja wa kalitusi. Mbao mbichi hupinda zikiachwa juani, kwa hiyo Donat alizilaza kwenye kibanda chake na kuziwekea mawe juu. Bénita aliandika B kwa mkaa kwenye kila ubao, B kubwa, ili mtu asije akajisahau. Alirudi nyumbani na vidole vyeusi, akanihesabia: wa tatu, wa tano. Kufikia Noeli zilikuwa nane.

Januari alipata homa. Jumanne alikataa chakula, Ijumaa asubuhi akafa. Sina zaidi ya kusema juu ya siku hizo, na aliyewahi kufiwa na mtoto haniulizi. Nilikaa chini kwenye mkeka, wanawake wa kwaya wakinishika mikono huku na huku, na mambo mengine yote yalifanywa na wanaume. Sanduku lililetwa limefunikwa kitambaa cheupe hadi chini, likatoka hivyohivyo. Makaburini sikwenda. Walinizuia, nami sikuwa na miguu ya kushindana nao. Nilikwenda baada ya wiki tatu, nikakuta udongo na msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Nikaupangusa vumbi kwa kitenge changu, na tangu siku hiyo nimeupangusa kila mwezi.

Munigi sikurudi tena. Laurent aliendelea kwenda peke yake, Jumapili moja moja, akarudi jioni na vumbi jeusi kwenye magoti ya suruali. Nilifua suruali ile kwa hasira. Mtoto amekufa, nilisema moyoni, na huyu bado anaogopa kuibiwa kiwanja. Sikumuuliza anafanya nini huko, naye, kama kawaida yake, hakusema.

Mwaka na nusu ukapita hivyo. Ndipo mwenye ardhi tuliyokuwa tumekaa pale Mabanga akatujulisha kwamba anataka kujenga ghorofa. Nyumba ilikuwa yetu, ardhi ilikuwa yake. Kwingine watu wangelia. Kwetu nyumba ya mbao huhama pamoja na wenyewe: fundi anang'oa misumari, anaandika namba kwa mkaa kwenye kila ubao, moja, mbili, tatu, na kesho yake nyumba inasimama mahali pengine, imepungua kidogo tu. Laurent alimwita Donat.

Usiku mmoja kabla ya kazi kuanza nilimwambia mume wangu jambo moja tu. Nilimwambia chumba cha Bénita kitajengwa. Kitakuwa pale pale alipokipanga, kwa zile mbao zake, na dirisha litaangalia volkano. Nilikuwa nimelisema hilo tangu wiki ya maziko, kila siku, kama watu wengine wanavyosali rozari. Ndilo lililonifanya niamke asubuhi nikafungue gunia la maharage. Laurent aliangalia mikono yake, akanyamaza. Nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni ndiyo. Miaka kumi na minne ya ndoa, na bado nafanya kosa hilohilo.

Jumamosi asubuhi chukudu mbili zilipandisha mbao zetu. Chukudu ni ile baiskeli yetu kubwa ya miti, haina pedali wala injini, inasukumwa na mtu mwenye kifua. Mimi nilifuata nyuma na vyombo, nikiwa na Moïse na Jolie. Nilikuwa nimejiapiza nisiangalie mawe. Niliyaangalia kabla ya kitu kingine chochote. Yalikuwepo. Mbuzi wa jirani wanapita pale, watoto wanacheza mpira pale, mvua ya mwaka na nusu imenyesha pale, na hakuna hata jiwe moja lililosogea. Sebule, jiko, vyumba, na kule juu chumba chake chenye mlango mwembamba. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kwa mara ya kwanza tangu Januari ile nilisikia kitu kinachofanana na furaha.

Donat alikuwa anavuta kamba kuonyesha kuta zitakaposimama. Kamba ilizunguka sebule, ikapita chumba chetu, cha Moïse, cha Jolie, ikakata kona na kurudi ilikotoka. Chumba cha Bénita kilibaki nje.

Nilikwenda moja kwa moja nikaruka mawe, nikasimama katikati ya chumba na kumwambia Donat kwamba kamba yake imekosea. Alijibu kwa heshima kwamba mbao hazitoshi, nyingi zilioza chini na ilibidi azikate. Nikamwambia hapa hatuzungumzii hizo, kuna mbao nane kwake Majengo, mwaka wa pili sasa, na atume mtu azilete. Donat alimtazama Laurent.

Ndipo nikaenda kwenye rundo la mbao zilizoshushwa. Nilifikiri labda zimeletwa pamoja na nyingine, zimechanganyika. Nikaanza kugeuza ubao mmoja mmoja. Ishirini na moja. Arobaini. Tisa. Misumari ilinichana kiganja na sikuacha. Niligeuza mbao zote za nyumba yangu, na zote zilikuwa na namba. Hakuna hata moja iliyokuwa na B.

Basi mdomo wangu ukafunguka. Niliwaita wezi. Niliwaambia wamegawana kitu cha marehemu kama nguo za mnada. Kisha nikamgeukia Laurent peke yake, mbele ya wasukuma chukudu na mbele ya majirani wapya waliokuwa wameanza kukusanyika, nikamwambia kwamba baba anayeweza kuuza chumba cha mtoto wake hakuwahi kumpenda mtoto huyo. Nililisema mara mbili, nikihakikisha amelisikia.

Donat aliweka nyundo chini. Akampa Moïse kidumu, akamwambia ampeleke mdogo wake wakatafute maji. Akawaondoa na wale wengine. Laurent alingoja mpaka watoto walipofika barabarani.

“Mama Moïse,” akasema, “mbao ya Bénita haikuuzwa.”

“Basi iko wapi?”

“Iko na yeye.”

Sikuelewa. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

“Siku ile Donat aliniuliza sanduku itengenezwe na mbao gani,” akasema. “Nikamuambia mutoto iko na mbao yake. Tuliitumia yote nane. Kipande yenye ilibakia ikakuwa musalaba.”

Msalaba. Mara kumi na saba nimeupangusa kwa kitenge changu, bila kujua kwamba ninapangusa ubao wake.

“Na herufi zake?” niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

“Hatukuzifuta. Tuliziangalisha mu ndani, kwa upande wake.”

Nilikalia rundo la mbao. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, mwaka na nusu, kitanda kimoja, sahani moja. Aliizungusha kofia mikononi, akajibu.

“Kila siku ulikuwa unasema tutamujengea chumba. Ningekuambia namna gani kama mimi nilishaijenga?”

Nilimwangalia mume wangu amesimama pale na kofia yake, na nikayaona magoti ya suruali. Yalikuwa na vumbi jeusi lilelile nililolifua kwa hasira. Nikaangalia mawe yaliyonyooka baada ya mbuzi na mpira na mvua, na ndipo nikajua Jumapili zake alizipeleka wapi. Alikuwa anapiga magoti, anarudisha jiwe moja moja mahali Bénita alipoliweka. Na mimi nilikuwa nimetoka kumwambia hakumpenda.

Donat aliuliza kwa sauti ya chini kama mawe ya upande ule yachukuliwe kwa msingi, kwa kuwa mengine yalikuwa machache. Sisi wawili tulisema hapana kwa pamoja. Akavuta kamba yake, akaendelea na sebule.

Niliinuka. Nilitembea hadi kule juu, na safari hii nilizunguka ukuta. Nilipofika mlangoni nilijigeuza upande, nikaingia, nikaketi chini kwenye mawe, nikitazama dirisha lake. Volkano ilikuwa imefunikwa na mawingu, haionekani hata kidogo. Nililia pale ndani kilio ambacho sikukilia kwenye mkeka, na hakuna mwanamke wa kwaya aliyenishika mikono.

Baadaye nilisikia viatu vya Laurent. Vilisimama nje. Ukuta ule ungeweza kurukwa na Jolie, lakini alizunguka mpaka mlangoni, na nilimsikia akipiga hodi, kwa ile sauti ya mkuu wa shule.

Tulingoja wote wawili. Upepo ulikuwa unapiga mabati yaliyokuwa bado chini, na Donat alikuwa ameanza kugongomea nguzo ya kwanza. Hakuna aliyesema karibu. Nikasogea kidogo kumwachia nafasi, naye akaingia upande-upande, kwa kuwa mlango ule ulipimwa kwa mabega ya Bénita.