Kilo Ishirini na Tatu kwa Wiki Moja

Ofisini walimwita Dada Maji, kwa sababu huu ulikuwa mwaka wa tatu anawauliza watu wazima wenye meno yao kama wamekunywa maji. Alikuwa mshauri wa programu ya simu ya kupunguza uzito. Wateja mia mbili na kumi, kila mmoja na mstari wake wa uzito unaoshuka, au unaojifanya kushuka. Jumbe zilikuwa zimeandikwa tayari: "Umejitahidi!" ni kitufe cha nne, "Usikate tamaa" cha saba. Zamani alikuwa akizisoma kabla ya kuzituma. Siku hizi vidole vilijua njia vyenyewe, na moyo ulishakufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Jumatatu asubuhi mstari wa mteja aliyejiita Fundi Cherehani ulianguka kama ndoo iliyokatikiwa na kamba kisimani. Wiki iliyopita kilo tisini na nne. Leo sabini na moja. Programu haikushtuka. Ilishamrushia fataki: HONGERA! UMEPUNGUA KILO ISHIRINI NA TATU!

"Huyo kakata mguu," alisema jirani yake wa meza, njugu mdomoni.

"Au kapima mkoba."

Msimamizi hakucheka. "Mpigie. Kama ni mchezo, funga akaunti kabla ya saa sita. Grafu yangu inachafuka."

Akapiga. Ikapokewa na sauti ya mwanamume mzee.

"Shikamoo, baba. Naomba kuongea na Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Fundi hayupo. Tulimzika Jumatano."

Dada Maji alitafuta ndani yake kitu cha kuhisi, kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mkoba. Hakukipata.

"Pole sana, baba," alisema, kwa sauti ile ile ya kuulizia maji.

"Nimeshapoa. Aliyepima leo ni mimi, mumewe. Simu yake ililia, ikasema panda kwenye mizani, nikapanda. Mwenyewe alikuwa hapendi kuichelewesha."

"Basi ile hongera..."

"Niliiona. Angecheka huyo mpaka adondoshe sindano! Miaka thelathini ananiita kijiti cha kiberiti." Kisha akauliza, "Mwanangu, hamtaifunga?"

"Akaunti ni ya marehemu, baba. Utaratibu unasema ifungwe."

"Saa nne inaniuliza kama nimekunywa maji. Saa saba, nimekula nini. Ndugu wa msibani wamesharudi makwao. Humu ndani hakuna mwingine anayeniuliza."

"Na umekula nini?"

"Hilo si swali la saa saba?"

"Leo nimewahi."

"Chai," akasema. "Jana pia chai."

Walipoagana, Dada Maji alifungua ukurasa wa Fundi. Alifuta jina, akaweka Kijiti. Kwenye lengo akaandika kilo sabini na tano. Maandishi mekundu yakamrukia: LENGO LAZIMA LIWE CHINI YA UZITO WA SASA. Akajaribu tena. Mekundu. Programu ile ilijua kushuka tu. Mtu wa kupandishwa haikuwahi kumwona.

Saa sita kasoro dakika tano msimamizi alichungulia. "Umefunga?"

"Nafunga."

Kwanza alinakili namba kwenye simu yake mwenyewe, jambo ambalo mtu hufukuzwa nalo kazi. Kisha akabonyeza. Mstari ukapotea. Wakabaki mia mbili na tisa. Hata hapo hakuhisi kitu.

Saa saba kamili, sahani yake ya chakula ikipoa mezani, aliandika: "Baba, umekula nini?"

"Nani mwenzangu?"

"Yule wa maji."

Jibu lilichelewa. Mzee, ilionekana, aliandika kwa kidole kimoja. "Yai moja. La pili limenishinda."

Kidole cha Dada Maji kilienda chenyewe kutafuta kitufe cha nne. Kwenye simu yake hakikuwepo. Akaandika kwa mkono, herufi kumi na moja, na katikati akakosea, akafuta, akaanza upya: Umejitahidi.

"Unaandika nini muda wote huo?" aliuliza wa njugu.

"Neno moja," akasema, akavuta sahani yake karibu.