Mtihani wa Kila Agosti

Norbert alifika kwenye kliniki ya matatizo ya kumbukumbu, Lewisham, London, dakika arobaini kabla ya wakati, si kwa bidii bali kwa woga wa kusahau. Mkewe, Émilienne, alikaa viti viwili mbali naye, mkoba mapajani, koti hajalivua. Mtu asiyevua koti ndani ya jengo lenye joto ana lake moyoni, na Norbert alilijua. Kwa Marcelina, dada yake Émilienne, huko Leeds, kulikuwa na chumba kitupu, na jana jikoni mke alikwisha kusema waziwazi.

"Baba Gloire, kama ni ugonjwa, nitakuuguza mpaka kaburini. Lakini kama ni zarau tu, miye nakwenda na mutoto."

Dharau yenyewe ilikuwa hii. Mara mbili muhula huu Norbert alimsahau binti yao, Gloire, shuleni. Mara ya pili mtoto wa miaka sita alikaa ofisini na mwalimu hadi jioni, huku baba yake akizungukazunguka sokoni Woolwich akijaribu kukumbuka ametumwa nini. Jiko liliachwa likiwaka. Siku ya kuzaliwa ya mke ilikuja ikapita. Kanisani walimwekea mikono, wakasema ana roho ya uvivu, na Norbert akachoka kuombewa uvivu asiokuwa nao. Alitaka karatasi moja tu yenye mhuri, inayosema kwamba kichwa chake kimeharibiwa na kazi.

Maana kazi alikuwa nayo, na kazi ya ajabu. Mtu wa Bukavu kulipwa mshahara kucheza hoki ya barafuni! Ukiwasimulia watu kanisani wanadhani unawatania. Alipoletwa London na mama yake alikuwa na miaka saba. Mama alipata kibarua cha kusafisha uwanja wa barafu, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, alimwacha mle mle kwenye barafu, amevaa viatu vya kuazima. Mtoto akaanguka, akainuka, akapenda. Alipofika miaka kumi na tisa timu moja ya kaskazini ikamwajiri, na kwa majira kumi na moja ya baridi, Uingereza, Scotland na mawili Ujerumani, barafu ndiyo iliyomlisha. Hakuwa mfungaji. Alikuwa mpiganaji wa timu: mwenzake akichezewa vibaya, Norbert ndiye aliyevua glavu na kwenda kugawa ngumi, mashabiki wamesimama wakimshangilia. Alipokea nyingi kuliko alizogawa, ingawa hilo hulisikii katika hadithi zake.

Daktari aliitwa Poonam. Alizaliwa Queensbury, hapo hapo London, lakini bibi yake aliyetoka Kisumu alimlea kwa Kiswahili, naye alikizungumza bila haya. Asubuhi hii alikuwa amemsomea Norbert maneno kumi na tano, akamshughulisha nusu saa kwa michoro na hesabu, kisha akamwomba ayarudie. Norbert alifumba macho. Jasho likamtoka makwapani. Alipata sita.

Sasa aliwaita wote wawili ofisini, na mezani alikuwa ameyaweka matokeo hayo kando ya karatasi za zamani. Karatasi zile alizileta Norbert mwenyewe. Aliiandikia klabu yake ya zamani barua tatu, akapanda treni kwenda kuzichukua, akarudi nazo kifuani kana kwamba ni cheti cha ndoa. Kila Agosti, kabla msimu haujaanza, wachezaji walipewa mtihani wa namna hii hii, ili mtu akigongwa kichwani ionekane amepungukiwa na nini.

"Bwana Norbert, nina habari nzuri," alisema Poonam. "Angalia mwenyewe. Ulipokuwa na miaka kumi na tisa ulipata maneno sita. Mwaka uliofuata, matano. Halafu sita, saba, sita. Na leo ni sita. Kumbukumbu yako si kali, lakini ni ile ile. Scan ya ubongo nayo haina kitu kikubwa. Kwa karatasi hizi siwezi kuandika kwamba mchezo ulikuumiza."

Émilienne akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Donc, basi hauko mugonjwa," alisema, akaanza kukusanya vitu vyake.

Norbert alizitazama zile alama zilizopangana. Kitu kikaanza kumrudia, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Chumba cha kubadilishia nguo. Harufu ya glavu zilizolowa jasho. Ulrich, beki mzee wa Kijerumani asiye na meno ya mbele, akimnong'oneza Agosti yake ya kwanza: usiwe hodari leo. Ukiwa hodari leo, siku utakayopigwa wataona tofauti, watakuweka nje mwezi mzima, na nafasi yako atapewa mwingine. Kuwa mjinga leo, ucheze mwaka mzima. Basi Norbert akawa mjinga, na miaka ilipopita akawafundisha wageni wa timu ujinga huo huo. Hakuna aliyeuita udanganyifu. Uligeuka mazoea, sawa na kufunga kamba za viatu, na nani hukumbuka kwamba alifunga kamba za viatu? Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Norbert ilichukua miaka ishirini, lakini ilimfikisha.

"Daktari," alisema, "zile za zamani ni uongo."

Akaeleza yote, kwa kusitasita. Poonam aliweka kalamu chini.

"Kila mwaka?"

"Kila Agosti. Timu mzima tulifanya vile. Ukisema kweli, hauchezi."

Émilienne alikuwa amesimama. Alimgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha Norbert kuliko kelele.

"Miaka kumi na moja ulijifanya mujinga mbele ya docteur, na bazungu baliamini. Sasa miye nikuamini kwa sababu gani? Pengine hata leo ulijifanya. Pengine kwa Gloire pia ulijifanya."

Norbert alimchukia Ulrich, akajichukia mwenyewe, akawachukia hata wale mashabiki waliosimama. Zaidi ya yote alikuwa amechoka, maana hasira ya mkewe ilikuwa na haki ndani yake, na haki huna pa kuisukumia.

"Nijibu kitu kimoja," Émilienne alisema. "Wakati ule, mbele haujaanza kudanganya, maneno yalikuwa ngapi kichwani?"

"Kumi na ine. Siku ingine yote."

"Ukaficha."

"Nikaficha. Nikasema sita."

"Na leo? Leo ulificha ngapi?"

Norbert alitazama mikono yake, vifundo vilivyovimba visirudi.

"Leo sikuficha, Mama Gloire. Leo nilitafuta yote. Nilitafuta kwa nguvu yangu yote."

Poonam aliinamia karatasi, akasoma tena ya zamani, akasoma tena ya leo. Émilienne alimtazama mumewe usoni kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi naye miaka kumi na miwili na aliujua uongo wake. Norbert akidanganya hutabasamu. Sasa hakutabasamu. Émilienne akaketi, safari hii kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, akanyoosha mkono akakishika kile kichwa juu ya sikio, mahali ambapo nywele hazikuota tena. Machozi yakaanza kumtoka, na Norbert, aliyeomba tangu alfajiri aaminiwe, akatamani mkewe amtukane tena.