Zoezi la Kumwachisha Mtu Kazi

"Shikamoo mama. Hebu weka hizo chupa za chai hapo, uje ukae kwenye hiki kiti."

Yudith Matonya alidhani amesikia vibaya. Miaka yote aliyohudumia chai katika kituo kile cha mafunzo, pale Makole mjini Dodoma, hakuna mshiriki wala mwalimu aliyewahi kumwambia akae. Yeye kazi yake ni kuingia kimyakimya, kupanga vikombe na kutoka. Na kiti chenyewe kilikuwa katikati ya ukumbi, kimezungukwa na mabosi tupu, wa benki, wa maji, wa bima, na suti zao katika joto lile la Oktoba.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Nimekosa nini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu aliyemwita, Bi Reshma, hakucheka. Alikuwa mtoto wa Dodoma huyo, baba yake ana duka la vitambaa mjini, ila siku hizi anafundisha uongozi kwenye chuo cha biashara. Akamweleza taratibu: leo viongozi wanajifunza kumwambia mfanyakazi kwamba kazi yake imekwisha. Wamejaribu wenyewe kwa wenyewe, lakini kila anayejifanya mfanyakazi anaangua kicheko. Wanamtaka mtu asiyecheka.

"Ni mchezo tu, mama. Wewe sikiliza."

Mchezo! Muulize mwenye kula mshahara wa kukaanga maandazi kama hilo nalo lina mchezo. Wiki nzima jikoni walikuwa wakinong'ona kwamba jiko litapewa mzabuni, aje na watu wake. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yudith alilala na hofu hiyo akaamka nayo, maana binti yake Hana alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na hakuna mwingine wa kumsomesha. Lakini utamkataliaje mwalimu mbele ya meneja wako? Meneja Obedi alikuwa mstari wa mbele, naye mshiriki kama wengine, kalamu mkononi. Yudith akakaa.

Akaanza bosi wa benki. Huyo alianzia kwenye hali ya hewa, akapita kwenye uchumi wa dunia, akazunguka weee, mpaka Yudith akasahau wanazungumza nini.

"Unamtesa," Bi Reshma akamkatiza. "Sema mapema."

Akafuata mama wa bima. Yeye alisema mapema kweli, kisha akamshika Yudith mkono na machozi yakamlengalenga. "Sasa yeye ndiye akubembeleze wewe?" Bi Reshma akauliza, watu wakacheka mpaka meza zikatikisika. Yudith alitabasamu nao, atafanyaje? Moyoni alikuwa anajiambia ni mchezo, Yudith, ni mchezo, lakini kila waliposema "kazi yako imefikia mwisho" alimwona Hana akirudishwa nyumbani.

Kisha akainuka Meneja Obedi.

Siku zote humwita Mama Hana. Mama Hana, chai vipi? Mama Hana, wageni wameongezeka. Safari hii alivuta kiti, akakaa mbele yake, akaweka kalamu chini.

"Yudith Matonya," akasema. "Jiko letu linachukuliwa na mzabuni. Mkataba ulisainiwa Jumatatu. Kazi yako inaisha mwisho wa mwezi huu. Hujafanya kosa lolote, na stahiki zako zote utalipwa."

Akanyamaza.

Makofi yakalipuka. "Mmeona?" Bi Reshma akasema. "Hakuzunguka. Kamwita kwa jina, katoa sababu, kanyamaza. Hivyo ndivyo!" Bosi wa benki akatikisa kichwa, akasema hata yeye ameamini. "Mama, hebu tuambie, ulijisikiaje?"

"Vizuri," Yudith akasema. "Nimejisikia vizuri, mwanangu."

Akainuka, akaelekea mlango wa stoo badala ya mlango wa kutokea. Wakacheka tena.

Wakati wa chai alimsubiri Obedi kwenye korido. Kijana yule, aliyezoea kumpa shikamoo hata wakipishana mara tatu, alikuja ameinamisha kichwa.

"Baba," Yudith akasema, "lile lako nalo lilikuwa mchezo?"

Obedi akaangalia viatu vyake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Kumbe naye anaogopa!

"Mama Hana, nimejua tangu Jumatatu. Kila nikija jikoni kuwaambia nashindwa, naomba chai, naondoka. Leo pale ndani, watu wakiniangalia, ndipo nikaweza."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli."

Hasira zikampanda Yudith, akatamani kumnasa kibao kama mwanawe wa kumzaa. Kisha zikashuka zenyewe, na hofu ikabaki peke yake, kubwa kuliko ya asubuhi. Ada ya Hana. Kodi ya chumba. Na kwa umri huu, nani atamchukua?

"Lakini nilisema vizuri?" Obedi akauliza kwa sauti ndogo. "Nijue, kabla sijawaambia wenzako."

Yudith akamkazia macho. Alikuwa anauliza kweli, maskini wa Mungu.

"Ulisema upesi," akamjibu. "Upesi ni afadhali."

Obedi akashusha pumzi. "Basi niitie mwenzako Paskazia."

Jikoni, Paskazia alikuwa anachambua mchele wa mchana, anaimba pambio la kwaya yao kwa sauti ya juu. "Wewe! Umetekwa huko? Sambusa zimepoa! Haya, wanataka nini tena?"

"Meneja anakuita."

"Mimi? Nibebe nini?"

"Usibebe kitu," Yudith akasema. "Nenda hivyo hivyo."

Paskazia akafuta mikono kwenye khanga, akajiangalia kwenye kifuniko cha sufuria, akakaza kilemba. "Niko sawa?"

"Uko sawa."

Akatoka, na pambio lake likaenda naye koridoni. Yudith akakaa kwenye kigoda, akauweka ungo mapajani, akaendelea kuchambua mchele kuanzia pale mwenzake alipoishia.